Ulimi wa Tete: Historia ya Obo na Basuni

Obo na basuni ni ala mbili za kupuliza zinazotoa sauti kwa njia moja. Vipande viwili vyembamba vya tete hufungwa pamoja kwa uzi na kuachiwa upenyo mdogo kati yao. Pumzi ya mpigaji ikipita hapo, vipande hivyo hutetemeka. Kwa pamoja huitwa ulimi. Mtetemo wa ulimi huingia katika bomba la mti linalopanuka kidogo kidogo kuelekea mwisho wake, na urefu wa hewa iliyomo ndani ya bomba, unaobadilishwa kwa kuziba na kuzibua matundu, ndio unaoamua sauti iwe nyembamba au nzito. Obo ina urefu wa sentimita 65 hivi, nayo ni sauti ya juu ya ukoo huu. Basuni ina bomba la mita mbili na nusu lililokunjwa ili liweze kushikika, nayo ni sauti ya chini. Chini kidogo ya obo ipo koranglei, na chini kabisa ipo kontrabasuni, yenye bomba la mita tano hivi.

Idadi ya vipande vya ulimi ndiyo inayozitenga ala hizi na jirani zake. Filimbi haina ulimi, klarineti ina kipande kimoja kilichofungwa kwenye mdomo wa ala, lakini obo na basuni zina vipande viwili vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa watu wa Pwani ya Afrika Mashariki jambo hili si geni, kwa kuwa zumari nalo hulia hivyo hivyo.

Ukoo wa kale

Mabomba ya fedha yaliyofukuliwa katika miaka ya 1920 kwenye makaburi ya kifalme ya Uru, katika nchi ya Iraki ya leo, yana umri wa miaka 4,500 hivi, na huhesabiwa miongoni mwa ala za kale zaidi za ulimi zinazojulikana. Ulimi wenyewe haukusalia. Tete ni bua la mmea, huoza upesi, na kwa sababu hiyo historia ya ala hizi ina pengo la kudumu: mabomba yapo katika makumbusho, lakini kile kilichoyapa sauti kimepotea.

Wamisri wa kale walichora wapigaji wa mabomba pacha katika kuta za makaburi yao. Wagiriki waliita ala ya namna hiyo aulosi, wakaitumia katika maigizo, katika sadaka, na hata melini, ambako mpigaji aliwawekea wapiga makasia mwendo. Alivaa mkanda wa ngozi kuzunguka mashavu ili yasichoke kwa kupuliza kwa nguvu. Warumi waliirithi ala hiyo kwa jina la tibia.

Tawi lililoenea zaidi ni lile la Mashariki ya Kati. Waajemi waliita ala yao surna, Waturuki zurna, Waarabu zamri au mizmari. Kutoka huko ilisafiri pande zote: India kuna shehnai, China kuna suona, na Wahausa wa Afrika Magharibi wana algaita. Kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi ilifika Uswahilini, na neno zumari lina asili ya Kiarabu. Zumari la Pwani lina bomba la mti lenye matundu ya vidole, mdomo wa chini uliopanuka, kijibomba cha chuma cha kushikia ulimi, na kisahani kinachoegemewa na midomo. Ulimi huwa mzima ndani ya kinywa. Mpigaji hodari hakatizi sauti: huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma ile iliyomo kinywani. Wadigo hulipiga katika sengenya pamoja na ngoma na upatu, na Lamu hulia katika kirumbizi, mchezo wa fimbo. Sauti yake ni kali kwa makusudi, maana kazi yake ni kusikika uwanjani juu ya ngoma.

Shalmai na dulsiani

Ulaya iliipokea ala ya namna hii kati ya karne ya 12 na ya 13, kupitia vita vya msalaba na kupitia nchi zilizokuwa chini ya Waislamu, kama vile Hispania na Sisilia. Huko iliitwa shalmai. Kama zumari, ilikuwa ala ya nje. Wanamuziki wa zama hizo waligawa ala katika makundi mawili, zenye sauti kubwa na zenye sauti ndogo, na shalmai ilikaa pamoja na tarumbeta katika kundi la kwanza. Miji iliajiri wapigaji wake wa kudumu. Walipiga katika maandamano na harusi za matajiri, na katika miji mingine walilinda zamu juu ya minara.

Kufikia karne ya 16 mafundi walikuwa wakitengeneza shalmai za ukubwa mbalimbali, kuanzia ndogo ya sauti ya juu hadi kubwa ya besi iliyokaribia mita tatu. Hiyo kubwa ilikuwa mzigo. Ilihitaji kuegemezwa mahali, na katika maandamano ilikuwa taabu tupu. Ufumbuzi ulikuwa kutoboa njia mbili sambamba ndani ya gogo moja la mti na kuziunganisha chini, ili hewa ishuke kwa njia moja na kupanda kwa nyingine. Urefu wa ala ukapungua nusu. Sauti nayo ikalainika, na kwa hiyo ala ikapewa jina la dulsiani, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya utamu. Waitalia waliiita fagotto, neno linalotumika pia kwa tita la kuni.

Dulsiani iliingia makanisani kusaidia sauti nzito za kwaya, na punde si punde ikapata muziki wake yenyewe. Mnamo 1638 mtawa wa Hispania Bartolomé de Selma y Salaverde, aliyekuwa mpigaji wa dulsiani, alichapisha Venice kitabu cha muziki chenye vipande vya ala hiyo vinavyodai wepesi mkubwa wa vidole. Ala iliyobuniwa kubeba besi ya wengine ilikuwa tayari imeanza kusimama peke yake.

Katika kasri la Louis XIV

Obo ilizaliwa Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 17, katika mazingira ya kasri la Mfalme Louis XIV. Mfalme huyo alikuwa na kundi la wapigaji 12 wa shalmai na ala za jamii yake, waliohesabiwa chini ya idara ya mazizi ya farasi kwa sababu kazi yao ilikuwa sherehe za nje. Lakini ladha ya kasri ilikuwa ikibadilika. Mtunzi mkuu wa mfalme, Jean-Baptiste Lully, alitunga muziki wa dansi na opera uliochezwa kumbini na okestra ya fidla, na shalmai haikuweza kukaa ndani ya chumba na fidla bila kuzifunika.

Mabadiliko hayo huhusishwa na koo mbili. Hotteterre walikuwa mafundi wa kukereza miti kutoka kijiji cha La Couture-Boussey, Normandia. Philidor walikuwa wapigaji wa mfalme kwa vizazi kadhaa. Kati ya miaka ya 1650 na 1680 ala ilifanyiwa mabadiliko hatua kwa hatua. Bomba likafanywa jembamba zaidi na kugawanywa vipande vitatu, jambo lililomwezesha fundi kulichonga ndani kwa uangalifu. Matundu yakapunguzwa ukubwa, na vibonyezo viwili au vitatu vya shaba vikaongezwa. Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa kuondolewa kwa kile kisahani cha midomo. Sasa midomo iliushika ulimi wenyewe, ikaweza kuubana na kuulegeza, na mpigaji akaweza kupuliza kwa sauti ya chini, kuikuza na kuipunguza kama mwimbaji.

Jina halikufuata badiliko hilo. Wafaransa waliendelea kuiita hautbois, yaani mti wa sauti kubwa, na ndilo lililogeuka kuwa obo katika Kiitalia na lugha nyingine. Wakati huohuo dulsiani nayo ilikatwa vipande vinne vinavyounganishwa, ikawa basuni. Mwaka 1707 Jacques-Martin Hotteterre alichapisha kitabu cha kufundishia filimbi ambacho kilitia ndani maelekezo ya obo, na elimu iliyokuwa siri ya koo chache ikaanza kupatikana dukani.

Karne ya 18

Ala mpya zilienea kwa kasi. Wapigaji wa Ufaransa walizifikisha London katika miaka ya 1670, na katika Ujerumani kila mtawala mdogo alitaka bendi ya obo na basuni kwa ajili ya chakula chake na kwa ajili ya jeshi lake. Bendi hizo zilienea kiasi kwamba Wajerumani waliendelea kumwita mwanamuziki wa jeshi mpiga obo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hata kama alipiga tarumbeta.

Okestra ya karne hiyo ilijengwa juu ya fidla, obo mbili na basuni. Kwa kuwa obo ndiyo ala ya kwanza ya kupuliza kukaa na fidla kwa kudumu, na kwa kuwa sauti yake hupenya bila kuyumba, hadi leo ndiyo inayotoa noti ya la ambayo okestra nzima huitumia kulinganisha sauti kabla ya kuanza.

Johann Sebastian Bach aliijua basuni kwa mazuri na mabaya. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20 mjini Arnstadt, alimtukana mpiga basuni wa shule, Geyersbach. Huyo akamngoja usiku na fimbo, Bach akachomoa upanga, na kesi ikafika mbele ya wakuu wa kanisa. Baadaye huko Leipzig aliandika kwa ajili ya obo baadhi ya nyimbo zake za ibada zenye hisia nzito, akitumia pia aina mbili za sauti ya chini zaidi: obo ya mapenzi, na obo ya mawindo iliyopindwa kama pembe, ambayo fundi Johann Heinrich Eichentopf aliitengeneza mjini humo.

Venice ilikuwa na Antonio Vivaldi, aliyeacha koncheto 39 za basuni. Hakuna mtunzi mashuhuri aliyeipa ala hiyo nyingi kiasi hicho. Mtu wa mji huohuo, Tomaso Albinoni, alichapisha mwaka 1715 koncheto za obo ambazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kutolewa na Mwitalia. George Frideric Handel, kwa ajili ya sherehe ya fataki za kifalme mjini London mwaka 1749, alikusanya obo 24 na basuni 12 pamoja na tarumbeta 9, pembe 9 na ngoma. Muziki huo ulipigwa nje, na kwa saa chache obo ikarudia kazi ya mababu zake.

Wapigaji wakubwa wa karne hiyo walisafiri kama waimbaji wa opera. Ndugu wawili wa ukoo wa Besozzi, mmoja mpiga obo na mwingine mpiga basuni, walitumikia kasri la Turin kwa miongo mingi, wakapiga Paris mwaka 1735, na mwaka 1770 mwanahistoria wa muziki Charles Burney, Mwingereza, aliwatembelea uzeeni mwao akastaajabia jinsi walivyopiga kama mtu mmoja. Wolfgang Amadeus Mozart aliandika koncheto yake ya basuni mwaka 1774 akiwa na miaka 18. Koncheto yake ya obo ya 1777 aliiandikia Giuseppe Ferlendis wa Salzburg, kisha Friedrich Ramm wa Mannheim akaipiga mara kwa mara. Mwaka 1781 Mozart alimwandikia Ramm utungo wa obo na ala tatu za nyuzi.

Mwaka 1782 Kaisari Joseph II aliunda Vienna kundi la watu wanane: obo mbili, klarineti mbili, pembe mbili na basuni mbili. Watukufu wengine walimwiga. Kundi kama hilo lilikuwa na faida kubwa: liliweza kupiga nyimbo za opera mpya bustanini au mezani bila gharama ya okestra nzima, na watu wengi wa Vienna walizisikia nyimbo hizo kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo.

Vibonyezo na mifumo

Mapinduzi ya Ufaransa yalivunja ajira za kasri, lakini mwaka 1795 yakaanzisha chuo cha muziki cha Paris, Conservatoire. Mwalimu wake wa basuni, Étienne Ozi, aliandika vitabu vya kufundishia vilivyotumika kote Ulaya. Kwa upande wa obo, Gustave Vogt alifundisha hapo hadi 1853, na karibu kila mpigaji mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 19 alitoka mikononi mwake au mwa mwanafunzi wake. Upigaji ukaacha kuwa mali ya ukoo na kuwa mali ya shule.

Wakati huohuo kumbi zilikua, okestra zikaongezeka, na watunzi wakataka noti zote kwa wepesi sawa. Obo ya Mozart ilikuwa na vibonyezo viwili tu. Noti nyingi zilipatikana kwa kuvusha vidole kwa namna ngumu, na nyingine zilikuwa dhaifu. Fundi Guillaume Triébert, Mjerumani aliyehamia Paris, na baada yake mwanawe Frédéric, walitumia maisha yao yote kuongeza na kupanga upya vibonyezo. Mfumo wao wa sita, wa miaka ya 1870, ndio uliochaguliwa na Georges Gillet alipoanza kufundisha Conservatoire mwaka 1881. François Lorée, aliyekuwa msimamizi wa karakana ya Triébert, alifungua duka lake mwaka huohuo akautengeneza kwa ajili ya chuo, na mwaka 1906 Gillet na nyumba ya Lorée wakatoa umbo lenye vifuniko kamili ambalo ndilo linalotumika sehemu kubwa ya dunia leo. Vienna peke yake ilikataa. Okestra za mji huo bado hupiga obo yenye bomba la mtindo wa zamani zaidi, ambayo sauti yake huchanganyika na pembe na klarineti kuliko kujitokeza.

Basuni ilipitia njia nyingine. Carl Almenräder, mpigaji na mwanajeshi wa zamani wa Ujerumani, alisoma maandishi ya mwananadharia Gottfried Weber kuhusu sauti, kisha kuanzia miaka ya 1820 akahamisha matundu ya basuni na kuyapanua. Mwaka 1831 alishirikiana na fundi kijana, Johann Adam Heckel, kufungua karakana huko Biebrich kando ya mto Rhine. Almenräder alifariki baadaye, lakini Heckel na wazao wake waliendelea kurekebisha. Mtunzi Richard Wagner, aliyekaa Biebrich mwaka 1862, aliizoea karakana hiyo, na mwaka 1904 ikatoa hekelfoni, obo nzito ambayo Richard Strauss aliitumia mara moja katika opera yake Salome ya 1905.

Wafaransa walibaki na basuni yao, iliyochongwa kwa mti wa jamii moja na mpingo, yenye sauti nyembamba na ya puani kidogo. Ile ya Heckel huchongwa kwa mti mwepesi wa mepo, na sauti yake ni ya mviringo na sawasawa zaidi. Kwa miaka mingi masikio yaliweza kutambua okestra ya Paris kwa basuni zake tu. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 okestra nyingi za Ufaransa zilihamia ile ya Kijerumani, na ya Kifaransa imebakia kwa wachache.

Ulimi na mtengenezaji wake

Vibonyezo vyote hivyo havikugusa kiini cha ala. Mpiga obo wa leo hufanya kazi ileile ya mpigaji wa kasri la Louis: huchonga ulimi wake mwenyewe. Wengi hutumia saa nyingi zaidi mezani na kisu kuliko walizonazo jukwaani.

Mmea unaotumika ni tete liitwalo Arundo donax, linalomea kando ya Bahari ya Mediterania. Mashamba yanayosifiwa zaidi yako katika mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Mabua hukatwa yakiwa na miaka miwili hivi, hukaushwa juani, kisha huhifadhiwa hadi yakomae. Obo huhitaji bua lenye upana wa milimita 10 hadi 11, basuni milimita 25 hivi. Kipande hupasuliwa, hukwanguliwa ndani (cha obo hadi kubaki na unene wa zaidi kidogo ya nusu milimita), hulowekwa, hukunjwa katikati na kukatwa kwa kigezo. Cha obo hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma. Cha basuni hukazwa kwa nyaya na kuvikwa juu ya mrija wa chuma uliopinda. Kisha ncha hukatwa, vipande vikaachana, na ukwanguaji halisi huanza. Hapa mkwaruzo mmoja wa ziada huharibu kazi ya siku nzima. Ulimi mnene hugoma kulia. Mwembamba kupita kiasi hupiga kelele na kushuka sauti. Unyevu wa hewa hubadilisha hali yake kati ya mazoezi ya asubuhi na onyesho la jioni, na ulimi mzuri hauishi zaidi ya wiki chache.

Kupuliza kwenyewe kuna ugumu wake. Upenyo wa ulimi wa obo ni mdogo sana, kwa hiyo mpigaji hapungukiwi na hewa bali huzidiwa nayo; lazima atoe hewa iliyochakaa kifuani kabla ya kuvuta nyingine. Mpiga basuni ana mtihani wa vidole gumba: cha mkono wa kushoto peke yake hutawala vibonyezo tisa hivi.

Wapigaji wa karne ya 20

Karne ya 20 ilianza kwa sauti ya basuni. Usiku wa 29 Mei 1913 mjini Paris, muziki wa dansi wa Igor Stravinsky kuhusu ibada ya masika ulifunguliwa na basuni moja peke yake, ikilia juu kabisa, mahali ambapo ala hiyo ilikuwa haijazoeleka kupelekwa. Kabla ya hapo ilijulikana zaidi kwa vichekesho, kama katika utungo wa Paul Dukas wa 1897 juu ya mwanafunzi wa mchawi. Sergei Prokofiev naye, katika hadithi yake ya watoto ya Petro na mbwamwitu ya 1936, alimpa bata sauti ya obo na babu sauti ya basuni.

Wanafunzi wa Gillet walivuka Atlantiki. Georges Longy alifika Boston mwaka 1898. Marcel Tabuteau aliyezaliwa 1887 alikwenda Marekani mwaka 1905, akawa mpiga obo mkuu wa Okestra ya Philadelphia kuanzia 1915 hadi 1954, na kuanzia 1924 alifundisha katika Chuo cha Curtis cha mji huo. Alihesabia mwendo wa sauti kwa namba, akimtaka mwanafunzi ajue kila noti inakwenda wapi. Mtindo wake wa kukwangua ulimi kwa urefu, tofauti na ule mfupi wa Ulaya, ndio uliozaa sauti nzito na ya giza ya obo ya Kimarekani. Uingereza, mtu wa kupimiwa alikuwa Léon Goossens, aliyezaliwa 1897. Ralph Vaughan Williams alimwandikia koncheto mwaka 1944.

Koncheto maarufu zaidi ya karne hiyo ilitokana na swali la askari. Mwaka 1945, baada ya Ujerumani kushindwa, askari wa Marekani John de Lancie, mwanafunzi wa Tabuteau na mpiga obo mkuu wa Okestra ya Pittsburgh kabla ya vita, alimtembelea Richard Strauss nyumbani kwake Garmisch. Alimuuliza kama amewahi kufikiria kuandika koncheto ya obo. Mzee huyo wa miaka 80 alijibu kwamba hapana. Miezi michache baadaye alikuwa ameiandika, na tarehe 26 Februari 1946 Marcel Saillet aliipiga Zurich kwa mara ya kwanza. Strauss alitaka de Lancie aipige kwanza Marekani, lakini wakati huo kijana huyo alikuwa amejiunga na Philadelphia chini ya Tabuteau, na cheo chake hakikumruhusu. Aliyeipiga kwanza huko ni Mitch Miller. De Lancie alirithi kiti cha Tabuteau mwaka 1954, na akairekodi koncheto hiyo mwaka 1987 tu.

Baada ya vita ala zilitafutiwa sauti mpya. Mswisi Heinz Holliger, aliyezaliwa 1939, alipiga noti kadhaa kwa pamoja na kutumia ile mbinu ya wapiga zumari ya kupuliza bila kukata pumzi. Luciano Berio alimwandikia utungo wa obo peke yake mwaka 1969. Mwaka 1971 wapigaji wa ala za ulimi maradufu waliunda chama chao cha kimataifa, nchini Marekani, ambacho hukutanisha wapigaji, walimu, mafundi na wachonga ndimi.

Mpingo

Obo za kwanza zilichongwa kwa mti wa manjano uitwao buksi. Katika karne ya 19, vibonyezo vilipoongezeka na kuhitaji mti mgumu wa kushikilia skrubu zake, mafundi wa Ulaya waligeukia mpingo, ambao humea katika misitu ya miombo na mbuga za Afrika, hasa Tanzania na Msumbiji. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hauingizi maji kwa urahisi na hukerezeka kama chuma. Mti uleule unaochongwa vinyago na Wamakonde ndio unaoliwa na karakana za klarineti na obo za Paris.

Kwa fundi wa ala, sehemu kubwa ya mti haifai. Mpingo hukua polepole, hupinda na kugawanyika matawi mapema, na kiini cheusi kilichonyooka bila ufa wala fundo ni haba. Mti huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Baada ya kukatwa, vipande hukaushwa kwa miaka kabla ya kukerezwa, na bado obo mpya inaweza kupasuka mwaka wake wa kwanza kwa mabadiliko ya joto na unyevu.

Wilayani Kilwa vijiji vilianza kumiliki na kusimamia misitu yao yenyewe, na mwaka 2009 shirika la kuhifadhi mpingo lililoko huko, MCDI, lilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu kwa niaba yao. Tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwanzoni hata mwanamuziki aliyevuka mpaka kwa kazi na ala zake alikabiliwa na masharti hayo. Mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa katika sharti la kibali, na magogo na mbao zikabaki chini yake.

Obo moja kwa hiyo hukutanisha mimea miwili isiyolingana kwa umri: bomba la mti uliomea kwa miongo saba au zaidi katika misitu ya kusini mwa Tanzania au kaskazini mwa Msumbiji, na ulimi wa tete la miaka miwili kutoka pwani ya Ufaransa. Bomba likitunzwa hudumu miaka mingi. Ulimi hubadilishwa kila baada ya wiki chache, na mpigaji huurudia mezani kwa kisu.